Shajara ya mradi: kengele ya MICA juu ya seli iliyobanwa

Msingi wa kazi

Swali ni moja. Seli ikibanwa na joto, dawa au uharibifu wa DNA, je, inapandisha MICA na MICB juu ya utando wake kwa kiasi cha kuiamsha seli ya NK (seli ya kinga iitwayo muuaji wa asili)? Na NK ikiamka, tutajuaje kwamba iliamshwa na hizo na si kitu kingine kilicho pembeni?

Kwa anayeanza kusoma hapa: MICA na MICB ni protini mbili ndugu zilizotambuliwa mwaka 1994. Jeni zake ziko kromosomu ya 6, jirani na HLA-B, na umbo lake linafanana na la HLA daraja la 1 (kitambulisho ambacho karibu kila seli huvaa juu ya utando), yaani sehemu tatu zilizo nje ya utando: alfa 1, alfa 2 na alfa 3. Tofauti ni kwamba hazibebi kipande cha protini cha kuonyeshwa seli T, wala hazihitaji beta-2 mikroglobulini, protini ndogo inayoishikilia HLA, ili zisimame. Kazi yake ni kupiga kengele. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba anayeisikia kengele hiyo ni NKG2D, kipokezi kilicho juu ya seli za NK, seli T za CD8 na seli T za gama-delta. NKG2D hukaa wawili wawili, na kwa kuwa mkia wake wa ndani hauna alama ya kupitisha ujumbe, hutegemea protini jirani, DAP10. Ukoo huohuo wa kengele una ULBP 1 hadi 6, ambazo jeni zake ziko upande mwingine wa kromosomu hiyohiyo.

Panya hawana MICA wala MICB. Wao wana RAE-1, H60 na MULT1. Ndiyo maana kila kitu humu kinafanywa kwa seli za binadamu, na pendekezo la "tuanze na panya, ni rahisi" halikujadiliwa kwa muda mrefu.

Zipo kengele nyingine za seli iliyo taabani: kalretikulini inayopanda juu seli inapokufa kwa aina fulani za dawa, HSP70 juu ya utando, B7-H6 inayosomwa na NKp30. Zote tumeziacha nje. Kipimo cha kengele mbili tu kina mitego ya kutosha.

Wiki ya 1: seli na idadi yake

Mistari ya seli za maabara tunayotumia ni HCT116 (saratani ya utumbo mpana, yenye p53 nzima, yaani protini inayoitikia uharibifu wa DNA) na HeLa (p53 yake huharibiwa na E6, protini ya virusi vya HPV-18). Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu p53 inawasha ULBP1 na ULBP2 moja kwa moja. Dawa ya kuharibu DNA inaweza basi kuonyesha ULBP2 ikipanda kwenye HCT116 na kunyamaza kwenye HeLa, bila kosa lolote la mpimaji. K562, mstari wa saratani ya damu, uko kwa ajili ya kipimo cha NK. Ya kulinganishia iliyo kimya ni HCT116 iliyokatwa jeni ya MICA na ya MICB, na ya kulinganishia yenye kelele ni mstari wa C1R uliopandikizwa MICA.

Kabla ya chochote, PCR ya maikoplasma (bakteria wadogo wanaovamia seli za maabara) kwa kila chupa. Si urasimu. Maikoplasma huisumbua seli na kuiamsha kupitia vipokezi vya TLR vinavyotambua vijidudu, kwa hiyo sampuli ambayo hukuigusa inaweza kuonekana imeshabanwa. Chupa yenye maikoplasma hutupwa; hatuitibu, kwa sababu wiki za dawa nazo ni mkazo.

Kuotesha: DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, seli 300,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 6, midia mililita 2, kuacha saa 24 zishike sakafu. Siku ya kipimo, seli ziwe zimefunika asilimia 60 hadi 70 ya sakafu. Hapa ndipo watu wengi huteleza. MICA na MICB hufuata mgawanyiko wa seli: seli zinazogawanyika kwa kasi hubeba nyingi, zilizobanana na kutulia hubeba chache. Ukitia dawa inayosimamisha ukuaji kwa saa 24, kisima cha dawa kitabaki nusu tupu huku kisima cha kulinganishia kimejaa pomoni. Tofauti utakayoiona ni ya msongamano, wala si ya dawa. Suluhisho ni kupanda visima vya kulinganishia vya aina mbili: kimoja kwa idadi ileile ya kuanzia, kingine kwa nusu yake, ili siku ya kuvuna kimojawapo kifanane kwa msongamano na kisima cha dawa. Tunaandika idadi ya seli hai ya kila kisima kwenye daftari, kila mara.

Wiki ya 2: joto

Promota za MICA na MICB (sehemu zinazowashia jeni) zina alama za kushikwa na HSF1, kisukuma-jeni kilekile kinachowasha protini za joto. Joto basi ndilo jaribio la kwanza: nyuzi 42.5 kwa dakika 60, kisha kurudisha nyuzi 37.

Usitumie inkyubeta. Hewa hupasha polepole mno. Midia ndani ya chupa huchelewa sana kufika nyuzi 42, na saa moja uliyopanga inageuka kuwa robo saa ya joto halisi. Tunatumia chupa za sentimita za mraba 25 zenye kifuniko kisicho na tundu, zikafungwa kwa parafilm na kuzamishwa kwenye beseni la maji mpaka maji yapite usawa wa midia. Midia iwe imetiwa HEPES, kemikali ya kutuliza pH, milimola 20, kwa sababu ndani ya beseni hakuna CO2 ya kushikilia pH. Ukiona midia imegeuka zambarau baada ya saa moja, umepima joto na mkazo wa pH kwa pamoja.

Namba za kwenye kioo cha beseni haziaminiki. Chupa moja ya ziada hujazwa midia bila seli, kipimajoto ndani yake, na saa inaanza kuhesabiwa pale chupa hiyo inapofika 42.3. Beseni letu la kwanza lilionyesha 42.5 huku chupa ikisoma 43.6, na seli nyingi zikafa. Nyuzi moja tu, lakini kati ya 42 na 44 ndipo seli inapotoka kwenye kujihami na kuingia kwenye kufa. Umeme ukikatika katikati ya dakika 60, sampuli haifai hata kama ulirudi baada ya dakika 5.

Kuvuna: saa 0, 4, 8, 16 na 24 baada ya joto. Saa 0 haitaonyesha kitu juu ya utando, na haipaswi kuonyesha. Seli iliyotoka kwenye joto imesimamisha utengenezaji wa protini nyingi za kawaida. mRNA (nakala ya jeni) hutangulia na protini hufuata saa kadhaa baadaye. Aliyepima mara moja tu, mara tu baada ya joto, atahitimisha kwamba joto halifanyi kitu.

Matokeo ya mzunguko wa kwanza: mlima wa MICA/MICB kwenye grafu ya mashine inayosoma mng'ao wa seli mojamoja ulihama kulia, yaani mng'ao uliongezeka, ila kidogo. Hilo halikutushangaza. HCT116 na HeLa ni saratani. Mfumo wao wa kugundua uharibifu wa DNA uko kazini muda wote, na kengele ilishapigwa kabla hatujaigusa seli. Tunachopima ni nyongeza juu ya kelele iliyokuwepo. Anayetaka kuona kengele ikitoka kimya hadi kulia atumie seli za kawaida za epitheliamu zilizotulia, na ajiandae kwa gharama yake.

Wiki ya 3: kung'oa seli na kutia rangi

Wiki hii ilirudiwa mara mbili, na kosa la mara ya kwanza lilikuwa tripsini, kimeng'enya cha kung'olea seli sakafuni. Tripsini hukata protini zilizo nje ya utando bila kuchagua. Unaweza kung'oa seli zenye MICA tele na kuzifikisha kwenye mashine zikiwa zimenyolewa, na kadiri ulivyochelewa kuizima tripsini ndivyo zilivyonyolewa zaidi. Ubaya wake ni kwamba kunyolewa huko hakufanani: seli zilizopigwa joto zimelegea sakafuni, zinang'oka dakika ya 2, huku zile za kulinganishia zikihitaji dakika 5. Tofauti ya dakika 3 ikageuka "athari ya joto".

Sasa tunafanya hivi. Osha kwa PBS isiyo na kalsiamu wala magnesiamu mara 2. Tia EDTA, inayonyonya kalsiamu inayozishikisha seli, milimola 2 ndani ya PBS hiyohiyo, mililita 1 kwa kisima, nyuzi 37, dakika 10. Gonga sahani ubavuni, usikwangue. HCT116 hutoka kwa mabonge; zipitishe kwenye kichujio cha mikromita 40. Kuanzia hapo kila kitu kiko kwenye barafu, maana utando ulio na baridi haumezi protini wala haudondoshi.

Kutia rangi: seli 300,000 kwa kila mrija, ndani ya mikrolita 100 za PBS yenye BSA asilimia 0.5 na azidi ya sodiamu asilimia 0.05. Kingamwili ni 6D4, inayotambua MICA na MICB zote mbili, kwa hiyo haikuambii ni ipi kati ya hizo. Ni ya panya, IgG2a, na aisotaipu yake ya kulinganishia (kingamwili ya aina ileile isiyolenga kitu) iwe IgG2a ya rangi ileile, kiasi kilekile kwa mikrogramu na si kwa mikrolita. Makampuni hayauzi kwa ukolezi mmoja. Dakika 30 kwenye barafu, gizani. Osha mara 2, 300 g dakika 5. Rangi ya kutambua seli zilizokufa, 7-AAD, huingia dakika 10 kabla ya kupitisha kwenye mashine.

Seli zilizokufa zinanata. Hushika kingamwili yoyote, na matibabu yoyote ya mkazo huzidisha seli zilizokufa, kwa hiyo bila 7-AAD kila dawa yenye sumu itaonekana inapandisha MICA. Mpangilio wa geti (hatua za kuchuja data ya mashine): ukubwa na chembechembe, kisha seli mojamoja, kisha hai, ndipo histogramu. Kisima chenye hai chini ya asilimia 85 hakiingii kwenye hesabu. K562 zina CD32, kwa hiyo kwao tunaziba kwanza vipokezi vya Fc kama hicho, vinavyoshika mkia wa kingamwili yoyote, dakika 10, HCT116 hazihitaji.

Tunaripoti mediani ya mng'ao ya 6D4 ikigawanywa kwa ya aisotaipu ya kisima hichohicho. Siyo aisotaipu ya kisima cha kulinganishia: seli iliyobanwa huvimba, na mng'ao wake wa asili hupanda nayo. "Asilimia ya seli chanya" tumeiacha. Mstari ambao asilimia 95 ya seli zake ni chanya kabla ya joto hauna mahali pa kupanda, hata kama kila seli imeongeza MICA mara mbili.

Wiki ya 4: dawa

Butireti ya sodiamu: gramu 1.10 ndani ya maji mililita 10 hutoa mola 1. Chuja kwa mikromita 0.22, gawa kwenye mirija midogo, gandisha. Mikrolita 10 kwenye mililita 2 ni milimola 5. Hiki ni kizuizi cha HDAC, vimeng'enya vinavyokaza kromatini: hulegeza kromatini na kuwasha jeni za MICA bila kuhitaji DNA iharibike. Saa 24. Mlima ulihama vizuri zaidi kuliko kwa joto.

Hidroksiurea: gramu 0.76 ndani ya mililita 10 ni mola 1, tengeneza siku hiyohiyo. Mikrolita 4 kwa mililita 2, milimola 2, saa 16. Husimamisha unakili wa DNA, ATR (kimeng'enya kinachogundua DNA iliyokwama) huamka, na njia hiyo ndiyo iliyoelezwa mwaka 2005 kuwa inapandisha ligandi za NKG2D, yaani kengele inazozishika, hata bila p53. Kuthibitisha njia, sampuli sambamba hupata kizuizi cha ATR saa 1 kabla. Ikiwa MICA inapanda vilevile licha ya kizuizi, usiandike "uharibifu wa DNA" kwenye grafu.

Doksorubisini imetuchezea shere. Sampuli zilizotiwa rangi ya PE ziliwaka kama taa, pamoja na zile zisizo na kingamwili yoyote. Doksorubisini yenyewe inang'aa: ikipigwa na leza ya nanomita 488 hutoa mwanga wa rangi ya machungwa kuelekea nyekundu, palepale PE na 7-AAD zinaposomwa, nayo hujazana ndani ya kiini cha seli. Hakuna kompenseshoni (hesabu ya kutenganisha rangi zinazoingiliana) ya kuiokoa sampuli hiyo. Tulihamia 6D4 yenye rangi ya APC, inayoamshwa na leza nyekundu, na rangi ya seli zilizokufa inayoamshwa na leza ya zambarau. Kila dawa mpya sasa ina mrija wake wa "dawa peke yake, bila kingamwili" kabla ya kuaminiwa.

Wiki ya 5: mRNA haikuambii kilicho juu

Mtu aliuliza kwa nini tusipime kwa qPCR tu, inayohesabu mRNA, ni rahisi na haichoshi. Tulipima. Baada ya joto, mRNA ya MICA ilipanda wazi, utando ukapanda kiduchu, na saa za vilele hazikulingana.

Sababu iko kwenye mwili wenyewe. mRNA ya MICA hupatikana kwenye tishu nyingi zenye afya, ilhali protini haionekani. Ingeonekana, seli za NK zingetushambulia kila siku. Kikundi cha RNA ndogo, zikiwemo miR-20a, miR-93 na miR-106b, hushika mwisho wa mRNA hiyo na kuizuia isitafsiriwe. Mpaka mkazo uzidi uwezo wa walinzi hao, jeni inasema na utando unanyamaza.

Anayepima bado azingatie: MICA na MICB zinafanana mno, na kuna jeni-mfu kadhaa za ukoo huo, MICC na nyinginezo. Viasho (vipande vya DNA vya kuanzishia PCR) viangaliwe dhidi ya zote, RNA isafishwe kwa DNase, na kisima kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kiwemo kila sahani. Jeni ya kulinganishia iwe ambayo joto haliigusi. Tulijaribu tatu na kubakiza mbili.

Wiki ya 6: kilichodondoka kwenye midia

Sehemu hii ndiyo iliyobadilisha sura ya mradi. HCT116 zilizokaa na butireti saa 48 zilionyesha utando ukishuka kutoka ulipokuwa saa 24. Kwa macho ya haraka, kengele imezimwa. Tulipopima midia, MICA ilikuwemo tele. Haikuzimwa, ilikatwa.

ADAM10 na ADAM17 hukata MICA karibu na utando, na ERp5, kimeng'enya kinachofungua daraja la salfa kwenye alfa 3, huwaandalia njia. Kichwa kilichokatwa huelea kwenye midia, na mwilini huelea kwenye damu. Saratani hupata faida mara mbili: inaondoa kengele mlangoni, na vichwa vinavyoelea vinaishika NKG2D mpaka seli ya NK inaimeza ndani. Hali hiyo ilielezwa kwa wagonjwa wa saratani mwaka 2002.

Kukusanya midia: 300 g dakika 5, kisha 2,000 g dakika 10, nyuzi hasi 80. Usigandishe na kuyeyusha zaidi ya mara 1. ELISA ya sandwichi (kupima protini kwa kuibana kati ya kingamwili mbili), kila sampuli kwa dilusheni tatu. Kama dilusheni hazikai kwenye mstari mmoja, midia ina kitu kinachoingilia na namba haina maana. Gawa kwa milioni ya seli hai. Kwenye kisima hichohicho pima LDH, kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka, kwa sababu seli iliyopasuka nayo humwaga MICA, na huko si kukatwa.

Uthibitisho ni GM6001, kizuizi cha vimeng'enya hivyo vya kukata, mikromola 10, ukilinganisha na kiyeyushi chake, DMSO, asilimia 0.1. Ukiziba vimeng'enya, utando upande na midia ishuke kwa pamoja. Kimoja kikibadilika peke yake, tafuta sababu nyingine.

Halafu kuna aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni ileile. MICA ina aleli nyingi mno, na mojawapo iliyoenea sana, MICA*008, ina herufi moja ya ziada inayokata mkia wake wa ndani. Hushikilia utando kwa nanga ya mafuta ya GPI na hutoka zaidi ikiwa nzima juu ya eksosomu, vifuko vidogo ambavyo seli hutoa, kuliko kwa kukatwa. GM6001 haiizuii ipasavyo, na ELISA yako inaweza kuihesabu kama iliyokatwa. Kuitenganisha, zungusha midia kwa 100,000 g dakika 90: iliyo kwenye mashapo ilitoka na eksosomu, iliyo juu ilikatwa. Jua aleli za mstari wako kabla ya kununua kizuizi.

Wiki ya 7 na ya 8: seli za NK zinasikia?

Damu ya wachangiaji, kwa ridhaa na kibali cha maadili. Changanya na PBS nusu kwa nusu, laza juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganishia seli za damu) ya 1.077, 400 g dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Breki ikiachwa, tabaka linachanganyika na utarudi mwanzo. NK zitolewe kwa kuondoa nyingine zote, si kwa kuzishika zenyewe. Ukishika NK kwa kingamwili umeshaipa ujumbe.

Hesabu ya damu ifanywe mapema. Mililita 20 hutoa seli milioni 20 hadi 40 za nyuklia moja, na NK ni asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti. Mpango wa hali 8, kila moja visima 3, NK 100,000 kwa kisima, unakula milioni 2.4 kabla ya upotevu. Chukua mililita 40.

Mzunguko wa kwanza ulitoka bapa: NK za siku hiyohiyo hazikumwaga chembechembe zake za kuua mbele ya HCT116 zenye MICA tele. NK iliyopumzika haiamshwi na NKG2D peke yake. Inahitaji ujumbe wa pili, kwa mfano wa kipokezi chake kingine, 2B4, au ilale na saitokini, protini za ujumbe wa kinga kama IL-2. Tangu hapo NK hulala usiku mmoja na IL-2 vizio 200 kwa mililita. Midia isiwe na seramu ya binadamu isiyojulikana, kwani huja na MICA inayoelea na TGF-beta (saitokini inayotuliza kinga), na vyote viwili hushusha NKG2D.

Kipimo cha CD107a: NK 100,000 na seli lengwa 100,000 ndani ya mikrolita 200, kisima cha duara. Kingamwili ya CD107a huingia mwanzoni, siyo mwishoni, kwa sababu CD107a hutokeza juu ya utando chembechembe zinapomwagika kisha humezwa tena. Zungusha 100 g dakika 1 zigusane. Saa 1 nyuzi 37, tia monensini mikromola 2, endelea saa 3. Kisha kingamwili za CD3 na CD56 (NK ni zenye CD56 bila CD3) na rangi ya seli zilizokufa. Visima vya lazima: NK peke yake, NK na K562, NK na PMA pamoja na ionomisini (kemikali zinazoiamsha bila seli lengwa), NK na HCT116 isiyo na MICA na MICB.

K562 humfundisha mtu jambo kwa sababu haina HLA daraja la 1 na ina ligandi za NKG2D. Iweke kando ya Daudi, mstari wa limfoma ya Burkitt ambao nao hauna HLA daraja la 1 juu kwa kukosa beta-2 mikroglobulini. NK mbichi huiua K562 na kuichekea Daudi, mpaka zipewe IL-2. Kukosa kitambulisho peke yake hakutoshi. Lazima pia mtu apige kengele.

Mtego mkubwa kuliko yote ni butireti iliyobaki. Vizuizi vya HDAC hudhoofisha NK zenyewe. Seli lengwa zioshwe mara 3 na kuachwa saa 1 kwenye midia safi. Hata zikioshwa, dawa hizo hupandisha pia HLA daraja la 1, ambayo huituliza NK, kwa hiyo MICA inaweza kupanda na mauaji yasipande. Tunapima HLA kwenye mrija wa pili wa seli zilezile.

Kuziba: kingamwili ya NKG2D, kloni 1D11, mikrogramu 10 kwa mililita, dakika 30 kabla, sambamba na aisotaipu yake IgG1. Tulijaribu kuziba upande wa pili kwa kuipaka seli lengwa 6D4, na mauaji yakaongezeka. IgG2a iliyokaa juu ya seli lengwa inashikwa na CD16 ya NK, na umejitengenezea kengele mpya. Ukilazimika, tumia F(ab')2, yaani kingamwili iliyokatwa mkia unaoshikwa na CD16.

Kila mchangiaji huripotiwa peke yake. Wastani wa watu watatu wenye KIR (vipokezi vya NK vinavyosoma HLA) tofauti huficha zaidi ya unavyoonyesha.

Wiki ya 9: tawi la virusi

Fupi, maana bado halijaanza kwa vitendo. ULBP ziliingia kwenye fasihi mwaka 2001 wakati watu wakitafuta kinachoshikwa na UL16, protini ya virusi vya CMV. Ndiyo asili ya jina lake. UL16 huzuia MICB, ULBP1 na ULBP2 ndani ya seli zisipande juu, na miR-UL112 ya virusi hivyohivyo huizima mRNA ya MICB. UL142 inaishika MICA ndefu lakini MICA*008 yenye mkia uliokatika inaiponyoka, na virusi vikaweka US9 kwa ajili yake. HHV-8, virusi vya sakoma ya Kaposi inayojulikana sana Afrika Mashariki, vina protini K5 inayoshusha MICA kwa kutia alama kwenye lisini za mkia wake wa ndani. Hakuna virusi vinavyogharamia silaha nyingi hivyo dhidi ya kitu kisicho na maana.

Kwa kipimo: sampuli yenye virusi ikionyesha utando kimya, toboa seli kwa saponini asilimia 0.1 na utie 6D4 ndani. Kimya nje na mng'ao ndani ni protini iliyofungiwa. Kimya kote ni mRNA iliyozimwa.

Hali ilivyo

Joto, butireti na hidroksiurea zimefungwa kwa HCT116. HeLa inasubiri majibu ya aleli. Doksorubisini inarudiwa yote kwa APC. Data za PE zimewekwa kwenye folda yenye jina "usitumie". Hatua inayofuata ni kulaza NK saa 24 kwenye midia ya HCT116 ya wiki ya 6, nusu yake ikiwa imeondolewa MICA kwa shanga za sumaku zenye 6D4, na kupima NKG2D kwa kloni 149810. Shanga zenye aisotaipu ziandaliwe siku hiyohiyo, na TGF-beta ya midia ipimwe kabla na baada, kwa sababu nayo hushusha NKG2D na shanga hazitaiondoa.